Sin 30 ni ngapi? Modi na mipangilio ya kioo kwenye kikokotoo cha kisayansi

Chukua vikokotoo vitatu vya kisayansi vya aina moja, vyote vizima. Kwenye kila kimoja bonyeza sin, kisha 30, kisha alama ya sawasawa. Cha kwanza kinaandika 0.5. Cha pili kinaandika −0.988031624. Cha tatu kinaandika 0.4539904997. Hakuna kilichoharibika wala kilichokosea hesabu. Kila kimoja kimejibu vizuri kabisa swali kilivyolielewa, na kimelielewa hivyo kwa sababu kuna mtu aliyekipanga hivyo, huenda asubuhi ya leo, huenda mwezi uliopita. Kikokotoo kikizimwa hakisahau mpangilio wake. Kikiwashwa tena kinaendelea pale kilipoachwa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mambo ya aina mbili yamewekwa kwenye menyu moja. Kuna mipangilio inayobadilisha jibu lenyewe, na kuna mipangilio inayobadilisha tu namna jibu linavyoandikwa. Kwenye Casio fx-82MS, ukibonyeza MODE mara moja unaona COMP (hesabu za kawaida), SD (takwimu) na REG (regresheni). Mara ya pili unaona Deg, Rad na Gra, yaani nyuzi, radiani na gradi. Mara ya tatu Fix, Sci na Norm. Mara ya nne Disp. Zote zinatokea kwa kitufe kilekile na kwa maandishi ya ukubwa uleule, kana kwamba zina uzito sawa. Hazina. Ukichanganya Deg na Rad umepata namba nyingine kabisa. Ukichanganya Fix na Norm, namba ni ileile, imevaa nguo nyingine tu. Kwa hiyo kila unapokutana na neno la menyu usilolifahamu, jiulize kwanza liko upande gani.

Kwenye fx-991ES na ndugu zake mpangilio umenyooka kidogo: kitufe cha MODE kina aina za kazi peke yake, na mengine yote yako SHIFT MODE, palipoandikwa SETUP. Hapo 1 ni MthIO (kuandika sehemu na mizizi kama kitabuni), 2 ni LineIO (kuandika kila kitu kwa mstari mmoja), 3, 4 na 5 ni Deg, Rad na Gra, halafu 6, 7 na 8 ni Fix, Sci na Norm. Ukishusha mshale unapata ukurasa wa pili. Kwenye fx-991EX, SETUP ina maneno kamili badala ya vifupisho, jambo ambalo natamani lingefanyika miaka mingi kabla. Vikokotoo vya kampuni nyingine huwa na kitufe chenye herufi DRG kwa ajili ya pembe, au SET UP iliyokusanya kila kitu. Majina yanatofautiana kidogo, kazi ni zilezile.

Kabla ya kubonyeza chochote, soma juu ya kioo. Kuna mstari mwembamba wenye herufi ndogo ambao wengi hawauangalii kabisa. D, R au G inakuambia kizio cha pembe kinachotumika. FIX au SCI ikionekana, ujue namba zinakatwa au kuandikwa kwa namna maalumu. Zote mbili zisipoonekana, uko kwenye Norm. M inamaanisha kuna namba imehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya M+. S na A ni alama za SHIFT na ALPHA zilizobonyezwa na kusubiri kitufe kinachofuata. Kwenye fx-991ES utaona pia neno Math ikiwa uko kwenye MthIO, na STAT ikiwa uko kwenye takwimu. Anayezisoma herufi hizi kila anapoanza kazi huepuka makosa mengi kuliko anayekariri mwongozo mzima.

Turudi kwenye pembe, maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Duara zima lina nyuzi 360. Ugawanyaji huo ni wa kale sana, na mizizi yake iko kwa Wababeli, waliohesabu kwa makundi ya sitini. Unafaa kwa matumizi ya kawaida kwa sababu 360 inagawanyika vizuri kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12. Lakini ni chaguo la binadamu. Hakuna kitu ndani ya duara lenyewe kinachodai namba 360.

Radiani inatokana na duara lenyewe. Chukua urefu wa nusu kipenyo, uupinde juu ya mzingo, kisha pima pembe iliyofunguka katikati: hiyo ni radiani moja, ambayo ni takribani nyuzi 57.29577951. Kwa kuwa mzingo ni nusu kipenyo mara 2π, duara zima lina radiani 2π. Jina lenyewe lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1873 katika maswali ya mtihani yaliyotungwa na James Thomson kwenye chuo cha Queen's huko Belfast. Gradi ndiyo ya tatu: duara zima ni gradi 400, pembe mraba ni gradi 100 kamili. Ilizaliwa Ufaransa enzi za kuanzishwa kwa mfumo wa metriki, na wapima ardhi wa baadhi ya nchi za Ulaya bado wanaitumia. Wewe na mimi mara nyingi tunakutana nayo kwa bahati mbaya tu, kidole kikigusa 5 badala ya 4.

Sasa majibu yale matatu yanaeleweka. Kwa nyuzi, sin 30 ni nusu. Kwa radiani, 30 ni karibu mizunguko minne na robo tatu ya duara, na sin ya hapo ni karibu hasi moja. Kwa gradi, 30 ni sawa na nyuzi 27, na sin ya nyuzi 27 ndiyo hiyo 0.4539904997. Ndiyo maana sin 30 ni kipimo kizuri cha haraka. Ukipewa kikokotoo cha mtu mwingine, ijaribu kabla ya kuanza kazi. Inachukua sekunde mbili.

Hatari ya kosa hili ni kwamba kikokotoo hakilalamiki. Bonyeza tan 90 kikiwa kwenye nyuzi, utapata Math ERROR, kwa kuwa tan ya pembe mraba haina thamani. Bonyeza tan 90 kikiwa kwenye radiani, utapata −1.995200412, namba yenye tarakimu kumi inayoonekana ya kuaminika. Vivyo hivyo kwa π. Kwenye radiani sin π ni sifuri. Kwenye nyuzi kikokotoo kinaichukua π kuwa nyuzi 3.14159 na kukuletea 0.05480366515. Kinyume chake nacho kina mtego: cos⁻¹ ya 0.5 ni 60 kwa nyuzi, 1.047197551 kwa radiani, na 66.66666667 kwa gradi. Hapo herufi iliyo juu ya kioo ndiyo inayotaja kizio cha jibu, kwa sababu jibu lenyewe halina alama yoyote.

Mtu anaweza kuuliza: kama nyuzi zinaeleweka vizuri, radiani ni ya nini? Jaribu hivi. Weka kikokotoo kwenye radiani, bonyeza sin 0.01. Unapata 9.999833334×10⁻³, yaani karibu kabisa na 0.01 yenyewe. Rudia kwenye nyuzi, unapata 1.745329243×10⁻⁴. Kwa radiani, pembe ndogo na sin yake zinalingana karibu moja kwa moja. Kwa nyuzi unalazimika kuburuta namba π/180, yaani 0.01745329252, kila mahali. Kalkulasi yote ya trigonometria imejengwa juu ya ulinganifu huo. Kusema kwamba mnyambuliko (kasi ya kubadilika) wa sin x ni cos x ni kweli kwa radiani peke yake. Kanuni yangu ni hii: swali likiwa na alama ya nyuzi, tumia Deg, likiwa na π ndani ya pembe, au likihusu kunyambulisha, kuunganisha, mawimbi au mzunguko wa vitu katika fizikia, tumia Rad.

Ukihitaji kubadilisha pembe moja tu, huna haja ya kugusa mpangilio. Kwenye Casio, SHIFT Ans inafungua menyu ya DRG yenye nyuzi, radiani na gradi. Kikiwa kwenye Deg, andika π÷2 ndani ya mabano, fungua menyu hiyo, chagua alama ya r, kisha sawasawa. Kitakujibu 90. Maana yake umekiambia, "hii niliyoandika ni radiani, nipe kwa kizio ulichonacho."

Mpangilio wa pembe unagusa pia vitufe ambavyo mtu hafikirii. Pol na Rec, vinavyobadilisha nukta kati ya mfumo wa x na y na ule wa umbali na pembe, vinaufuata: Pol ya 1 na 1 inatoa pembe 45 kwenye nyuzi na 0.7853981634 kwenye radiani. Namba changamano zinapoandikwa kwa umbali na pembe zinaufuata pia. Lakini sinh, cosh na tanh haziuangalii kabisa, maana zile si za pembe za duara. Kikokotoo cha HP-35 cha mwaka 1972, cha kwanza cha kisayansi cha kushika mkononi, hakikuwa na tatizo hili: trigonometria yake ilikuwa kwa nyuzi tu. Mrithi wake wa 1973, HP-45, ndiye aliyekuja na vizio vyote vitatu, na tangu hapo jukumu la kuchagua likawa letu.

Modi za kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa ukiingia isiyo yako mara nyingi unagundua haraka. COMP ni hesabu za kawaida, na ndipo unapostahili kuwa muda mwingi. CMPLX ni ya namba changamano, EQN ya milinganyo, MATRIX ya matriki, VECTOR ya vekta, TABLE ya kutengeneza jedwali la thamani za kanuni. Majina yanajieleza.

Mbili zinahitaji maneno zaidi. BASE-N ni kwa ajili ya mifumo ya namba kama binari na heksadesimali, na ndani yake hakuna desimali. Bonyeza 7÷2 humo, jibu ni 3. Sehemu iliyobaki inakatwa kimyakimya, wala hairundwi, yaani haisogezwi kwenye namba kamili iliyo karibu zaidi. Vitufe vya sin, kipeo hasi na sehemu havifanyi kazi huko. Hasi moja kwenye HEX inaonekana kama FFFFFFFF, na hilo ni sahihi: ndivyo kompyuta inavyoihifadhi namba hasi kwa biti 32. Ukiona kikokotoo kinakataa kuandika nukta, angalia kwanza kama hakijaachwa humo.

Nyingine ni ya takwimu. Kwenye fx-82MS ukiwa SD, kitufe cha M+ kinaacha kazi yake ya kujumlisha kwenye kumbukumbu na kuwa cha kuingiza data. Kwenye fx-991ES unapewa jedwali la kujaza badala yake. Jambo la kukumbuka hapo ni kwamba ukitoka kwenye STAT data zinafutika. Mtu aliyeingiza thamani arobaini, kisha akarudi COMP kufanya kuzidisha kadogo, atazianza upya. Kuzidisha huko kungefanyika humohumo kwenye STAT: bonyeza AC utoke kwenye jedwali, fanya hesabu, data zitabaki salama.

Sasa upande wa sura. Kikokotoo kinaonyesha tarakimu kumi, lakini ndani kinabeba zaidi. Fx-991ES inafanya kazi kwa tarakimu 15. Unaweza kuziona zilizojificha. Andika 1÷3, toa 0.3333333333 yenye tatu kumi. Kwa mujibu wa kioo jibu lingekuwa sifuri, lakini unapata masalia madogo yenye kipeo cha −11. Kumbe kioo ni dirisha tu, namba nzima iko nyuma yake, na Fix, Sci na Norm zinaamua dirisha hilo lifunguke kiasi gani.

Fix inaweka idadi ya nafasi za desimali. Chagua Fix 2, andika 2÷3, unapata 0.67. Zidisha jibu hilo kwa 3. Utapata 2.00 na si 2.01, kwa sababu kikokotoo kimezidisha namba nzima na si ile 0.67 uliyoiona. Hapa ndipo watu wawili wanaofanya kazi ileile hupishana: mmoja anaendelea na Ans (jibu la mwisho ambalo kikokotoo kimelihifadhi), mwingine anaandika upya 0.67 kwa mkono na kufika 2.01. Kwa kawaida wa kwanza ndiye aliye sahihi; runda mwishoni. Zipo kazi zinazotaka urunde katikati, na kwa hizo kuna kitufe cha Rnd, SHIFT 0. Chenyewe kinairunda namba ya ndani ilingane na ya kwenye kioo. Baada ya Rnd, mara 3 inatoa 2.01. Ni Rnd pekee, kati ya yote haya ya sura, inayogusa thamani yenyewe.

Fix 0 nayo ina vituko vyake. Mtu akiiacha hivyo, 0.4 inaonekana kama 0, na 2.7 inaonekana kama 3. Vikokotoo vinavyosemekana "havitoi desimali" mara nyingi vina ugonjwa huu na hauhitaji fundi. Tafuta neno FIX juu ya kioo.

Sci inahesabu tarakimu muhimu na kuandika kila kitu kwa kipeo cha kumi. Kwa Sci 3, namba 45678 inakuwa 4.57×10⁴, na 0.05 inakuwa 5.00×10⁻². Kwa Casio, Sci 0 haimaanishi tarakimu sifuri, inamaanisha zote kumi. Wanaoripoti vipimo vya maabara wataipenda, kwa kuwa zile sifuri za mwisho zinasema kitu kuhusu usahihi wa kipimo.

Norm ndiyo ya kawaida, nayo ina sura mbili. Norm 1 inakimbilia kipeo mapema: chochote kidogo kuliko 0.01 kinaandikwa kwa vipeo. Kwa hiyo 1÷200 inatokea kama 5×10⁻³. Norm 2 inavumilia hadi chini ya 0.000000001, kwa hiyo hapo unaona 0.005. Kwa namba kubwa zote zinabadilika zikifika 10¹⁰. Kikokotoo kipya huja na Norm 1, na mimi humshauri kila anayeanza abadilishe iwe Norm 2. Anayeona 5×10⁻³ kwa mara ya kwanza huandika 5 kwenye daftari na kuendelea, hasa kwenye vioo vya zamani ambako kile kipeo kinakaa pembeni kabisa, kidogo, kama kimejitenga na namba.

Kipeo hicho kina upande wa kuingiza pia. Kitufe cha EXP, au ×10ˣ kwenye vipya, kinaunda namba moja isiyogawanyika. Andika 6÷2, bonyeza EXP, kisha 3: kikokotoo kinasoma sita gawanya kwa elfu mbili, jibu 0.003. Ukiandika 6÷2×10 kisha kipeo cha 3 kwa vitufe vya kawaida, kinagawanya kwanza halafu kinazidisha, jibu 3000. Tofauti ni mara milioni moja. Kwa thamani za fizikia kama kasi ya mwanga, 3×10⁸, tumia EXP daima.

Kitufe cha ENG kinasogeza kipeo kwa hatua za tatu, ili kilingane na kilo, mega, mili na maikro. Ukiwa na 0.00047 na ukibonyeza ENG unapata 470×10⁻⁶, yaani maikro 470. Mafundi wa umeme wanakitegemea sana, na nashangaa kinavyofundishwa kwa nadra.

Kwenye vikokotoo vyenye MthIO kuna jambo la ziada: jibu hupewa kwa umbo kamili kila inapowezekana. Kwa nyuzi, sin 60 inatokea kama √3 juu ya 2, na 1÷200 inabaki sehemu. Mwenye haraka hukasirika, lakini jibu hilo ni bora kuliko 0.8660254038, maana halijarundwa popote. Kitufe cha S⇔D kinakugeuzia kwenda desimali na kurudi, na SHIFT pamoja na sawasawa inaleta desimali moja kwa moja. Fix na Norm hazionekani kufanya kazi mpaka ufike kwenye desimali, kwa hiyo usidhani mpangilio wako umekataa. Asiyetaka kabisa mambo ya sehemu achague LineIO. Kuhusu ab/c na d/c, ya kwanza inaandika moja na nusu kama namba mchanganyiko, ya pili inaandika tatu juu ya mbili.

Kuna mpangilio mmoja wa sura unaoweza kukudanganya kama ule wa pembe, nao ni Dot na Comma chini ya Disp. Kwenye fx-82MS ukichagua Comma, mkato unakuwa alama ya desimali na nukta inatenganisha maelfu. Namba 12345.678 inatokea kama 12.345,678. Thamani haijabadilika hata kidogo, lakini msomaji asiyejua atasoma kumi na mbili na ushei. Nchi nyingi za Ulaya huandika hivyo, na kikokotoo kimeruhusu.

Mambo yakikorogeka, futa mpangilio uanze upya. Kwenye fx-991ES ni SHIFT 9, na hapo unapewa 1 Setup, 2 Memory na 3 All. Wengi huenda moja kwa moja kwenye 3, na pamoja na mpangilio wanapoteza Ans, namba ya M na kila walichohifadhi kwenye herufi kama A na B. Kama shida ni ya mpangilio, 1 inatosha: inarudisha COMP, MthIO, Deg na Norm 1, na kumbukumbu inabaki ilivyokuwa. Kwenye fx-82MS njia ni SHIFT CLR, ambayo ni SHIFT pamoja na kile kitufe cha MODE, halafu 2 kwa modi peke yake au 3 kwa vyote. Baada ya hapo, kama kazi yako ni ya radiani, iweke kabla hujaandika namba ya kwanza, kwa kuwa kufuta kote kunarudisha D.